Mkunga na Malkia wa Nyigu wa Chuma

Mtu wa kwanza kunipiga hapa duniani ni Mkunga. Alinipiga matakoni mara mbili ili nilie, na kwa maelezo yake nilichelewa kulia kwa sababu nilikuja na kitovu kimenizunguka shingoni. Tangu siku hiyo akaniita Kitovu. Nimeolewa, nimeachika, nimefungua banda langu la gemu hapa Kilosa karibu na stesheni ya zamani, leseni iko ukutani na jina langu kamili limeandikwa, lakini yeye akiingia tu: "Kitovu, shikamoo yangu iko wapi?" Na wateja wote wanageuka kunitazama shingo.

Si mimi peke yangu, Mungu ni shahidi. Mkunga alizalisha wanawake wa mji huu mpaka akastaafu, na wengine akawafuata vijiji vya Zombo na Ulaya kwa baiskeli, mkoba umefungwa nyuma kwa mpira. Kwa hiyo nusu ya vijana wanaokaa kwenye viti vyangu vya plastiki walipita mikononi mwake, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Hamisi, dereva wa bodaboda anayejiona mtu wa maana kuliko wote, aliitwa Miguu Mbele. Siku moja mtendaji wa mtaa alikuja kunigombeza kuhusu kelele, amevaa miwani ya jua, anaongea kwa kufoka. Mkunga akageuka kwenye kiti chake akasema, "We Kilo Mbili, punguza sauti, niko kazini." Mtendaji alitoa shikamoo, akavua miwani, akaondoka. Kelele zangu hazikuzungumziwa tena.

Siku aliyoingia bandani mara ya kwanza naye alikuja kugomba. Nyumba yake na banda langu ukuta ni mmoja, na mchana kutwa alikuwa anasikia vijana wanapiga mayowe: "Ua! Muue! Anakuja nyuma yako!" Akadhani tumekamata mwizi. Alisukuma pazia na mchi wa kinu mkononi, kitenge kimekazwa kiunoni, yuko tayari kumwokoa huyo anayeuawa. Akakuta vijana tisa wamekaa wanatazama televisheni.

"Anauawa nani hapa?"

"Nyigu, Mkunga," Hamisi akajibu.

"Nyigu wako wapi?"

Hamisi akamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa ile gemu iliyowatia wazimu vijana wote mwaka ule. Kuna sayari isiyo na watu. Watu wamekimbia, wameacha mashine walizoziunda wenyewe, na mashine hizo ni nyigu. Mwili wa chuma, kiuno chembamba, macho mekundu, mabawa ya feni, mkia unatema umeme. Wapo wadogo wa doria wanaokuja makumi kwa makumi, wapo wenye drili mkiani wanaotoboa kuta, na ndani kabisa ya kiota chao yupo malkia, mkubwa kama kichwa cha treni. Mchezaji ni binti mmoja mwenye bunduki na suti ya kubana. Katika banda langu hakuna aliyewahi kumfikia malkia. Wengi walifia steji ya pili.

Mkunga aliweka mchi chini, akavaa miwani, akasogea karibu na kioo. Alitazama muda mrefu, na katika muda huo yule binti wa kwenye gemu alikufa mara tatu mikononi mwa Hamisi.

"Mnamharakisha," akasema.

"Nani, Mkunga?"

"Wote wawili. Binti na nyigu. Hebu lete hicho kitu."

Alikuwa anataka padi, ile ya kushika mikononi. Vijana walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Mkunga akasubiri wamalize, akaketi, akauliza kitufe kipi ni cha kutembea na kipi ni cha kupiga. Alikufa papo hapo. Akasema, "Kumbe." Akaomba tena. Jioni ile alirudi kwake kuswali Magharibi, kesho yake saa nne asubuhi akawa mlangoni ananisubiri nifungue.

Lazima niseme habari ya mikono yake, maana kila kitu kilitokana na hiyo mikono. Ilikuwa inatetemeka. Ikilala mapajani ilicheza yenyewe, vidole vikisuguana kama mtu anayepukuchua mahindi. Lakini ukiipa kazi, sindano, kisu, au hiyo padi yangu, ilitulia kabisa. "Inatafuta kazi," alisema. "Ikikosa kazi ndiyo inagomba." Daktari alimpa vidonge na akamtajia jina la ugonjwa. Vidonge alimeza. Jina alilikataa, akasema yeye si wa kuitwa kwa majina aliyotungiwa na watu wasiomjua. Nilitaka kumuuliza vipi kuhusu sisi.

Uchezaji wake uliwaudhi vijana kupita kiasi. Alibandika kifuani ile saa yake ya uuguzi, inayoning'inia kichwa chini, na kabla ya kurusha risasi hata moja alikaa nyuma ya jiwe akipima. Nyigu walikuja, wakazunguka, wakarudi kiotani. Alitazama saa. Wakaja tena, wakarudi. Akatazama saa.

"Mkunga, piga basi!" Hamisi alilia.

"Miguu Mbele, ndiyo maana ulizaliwa vile ulivyozaliwa. Hawa wanakuja kwa uchungu. Uchungu unakuja, unaondoka. Ukiondoka unapumzika, unakunywa maji. Ukisukuma wakati si wako unachanika."

Na kweli alikunywa maji. Aliweka padi chini katikati ya vita, akamimina kikombe, akanywa, akafuta mdomo, akashika padi, na sekunde hiyohiyo nyigu wakatoka. Akawapiga mmoja mmoja, wakadondoka. Ndani ya mwezi akawa steji ya nne, peke yake katika Kilosa nzima, na bodaboda wakawa wanaleta abiria wao kuja kumwona.

Usidhani alikuwa bibi mpole. Wale nyigu wa chuma aliwatukana kwa Kisagala, lugha ambayo mimi naelewa matusi tu, kwa hiyo nilielewa yote. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, lakini ukunga alisomea kwa wamisionari huko milimani, na mambo yakiwa magumu alianza kuimba tenzi za kanisani kwa sauti ya kwanza, bila hata kujua kwamba anaimba. Katekista mmoja aliyekuja kumtafuta mwanawe alisimama mlangoni akaimba sauti ya tatu mpaka wale wa drili wakaisha. Alihimiza ukweli siku zote, ila zamu yake ikiisha alijifanya hasikii. Na huyo binti wa kwenye gemu alimwonea huruma moja tu: "Mwanamke wa kazi anahitaji mfuko. Suti gani hii haina mfuko hata mmoja? Mkasi ataweka wapi?"

Halafu kulikuwa na nyigu wa kweli. Walijenga chini ya paa la baraza lake, kiota kikubwa cha heshima, na siku moja akawachoma wote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, bila kupepesa macho, kisha akaja bandani akajipaka majivu mahali walipomuuma. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Mwanawe wa pekee ni fundi wa malori kule Mikumi, ana gereji pembeni ya barabara kuu. Mtu mzuri, mnene, mwenye wasiwasi. Kila alipokuja aliitazama mikono ya mama yake mapajani na uso ukamshuka. Kisha likatokea la birika. Mkunga alikuwa amelishika, chai inachemka, na kupitia ukutani akamsikia Hamisi anakufa steji ya pili kwa kosa lile lile alilomkataza mara mia. Akageuka kuufokea ukuta. Birika likamponyoka, chai ikamwagika mguuni. Kuungua si kwingi, lakini mwanawe aliposikia alipanda pikipiki siku ileile, akafika ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, basi. Unahamia kwangu."

"Mikumi nifanye nini? Nihesabu malori?"

"Mikono yako imekwisha, Mama. Leo ni mguu. Kesho nitaambiwa nyumba imeungua na wewe ndani. Mimi silali."

Nyumba ile Mkunga aliijenga mwenyewe kwa mshahara wake. Kwenye baraza lile walizaliwa watoto waliokuwa na haraka ya kutosubiri hospitali. Alimtazama mwanawe, akaniangalia mimi, nami nilikuwa nimekuja na bakuli la uji, nikajidai nakoroga.

"Mikono yangu haijaisha," akasema. "Nitakuonyesha. Nitamuua malkia wa nyigu."

Ilibidi nimweleze kaka wa watu malkia ni nani. Alinitazama kwa huzuni, kama mtu anayegundua kwamba majirani nao wana matatizo. Lakini alikuwa amechoka, na mama yake alikuwa hajawahi kuomba kitu. Wakakubaliana mbele yangu: Jumamosi ya wiki mbili zijazo atarudi kutazama. Akimuua malkia, habari ya kuhama haitatajwa tena. Asipomuua, anafungasha.

Wiki mbili zile banda langu liligeuka kambi. Vijana walimwachia zamu zao. Hamisi, kwa majuto ya birika, alimletea ndizi mbivu kila asubuhi na hakufungua mdomo Mkunga anapocheza, jambo ambalo sikujua kama anaweza. Steji ya tano ikapita, ya sita ikapita. Alhamisi akafika mlangoni kwa malkia, na pale gemu ikajisevu yenyewe kwa jina lake, MKUNGA, kwa herufi kubwa. Akakataa kuingia. "Nitaingia na mwanangu akiwepo," akasema.

Jumamosi palijaa mpaka nje. Mwanawe nilimpa kiti cha mbele. Mkunga alivaa gauni lake jeupe la kazi, limepigwa pasi, saa kifuani. Akaketi, akapiga bismillahi, akaingia.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Malkia aliwatuma nyigu wake wa doria, Mkunga akasubiri, akawaangusha. Akawatuma wa drili, akasubiri, akawaangusha. Mikono yake ilikuwa imetulia hata pete haikucheza. Mwanawe hakuelewa chochote kwenye kile kioo, ila alikuwa anatazama vidole vya mama yake na mdomo umeachama. Kisha nyigu wakaisha. Malkia akashuka polepole, akakaa juu ya kiota, akainua mabawa, na tumbo lake la chuma likaanza kufunguka. Ndani kukawa na mwanga mwekundu.

"Hapo!" Hamisi akashindwa kujizuia. "Hapo tumboni, Mkunga! Risasi moja tu, amekwisha!"

Tulimsaidia kupiga kelele, wote. Piga! Piga! Yule malkia alikuwa anatetemeka, tumbo linapanuka na kurudi, linapanuka na kurudi, na kwenye ule mwanga tukaona vichwa vidogo vya nyigu vinaanza kuchungulia. Mkunga alitazama saa yake. Akatazama kioo. Nikamwona uso wake unabadilika, ukawa ule uso ambao nadhani mama yangu aliuona siku aliyonizaa.

Akaweka padi mapajani.

"Mkunga!"

"Yuko kitandani," akasema taratibu. "Mzazi aliye kitandani hapigwi."

Alisema kwa sauti ndogo. Tuliosikia ni sisi wawili watatu tuliokuwa mgongoni kwake. Wale wadogo wakatoka wote, wakamzunguka binti, wakamchoma umeme mpaka akaanguka. Gemu ikamrudisha mlangoni kwa malkia. Na ile mikono, kwa kuwa sasa haikuwa na kazi, ikaanza kutetemeka juu ya gauni jeupe, mbele ya macho ya mwanawe.

Kaka wa watu aliitazama ile mikono, akapiga magoti, akaishika yote miwili.

"Umejitahidi, Mama," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya bodaboda wote. "Imetosha."

"Nimeshindwa," Mkunga akasema.

Hamisi akafungua mdomo aeleze. Mkunga alimgeukia: "Ya chumba cha uzazi yanabaki chumbani." Hamisi akafunga mdomo. Nami nikafunga wangu, na nakiri kwamba nilikasirika sana. Jioni nilimfuata alipokuwa anakunja vitenge, nikamwambia kwamba ni mashine ile, Mkunga, ni picha, haina uchungu wala mtoto, na wewe unapoteza nyumba yako. Tena wale wa paani uliwachoma bila hata kuwasalimia!

"Wale sikuwaona wakizaa," akajibu. "Huyu nimemwona." Akaendelea kukunja.

"Basi mwambie mwanao."

"Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa naweza ila sikutaka? Kila mzee husema hivyo."

Akahamia Mikumi. Banda langu lilipoa. Vijana walicheza mpira wa kwenye mashine, na kila mtu mpya aliyetaka kufuta ile sehemu iliyoseviwa kwa jina la MKUNGA ili apate nafasi, Hamisi alimkamata ukosi. Nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa, na upande ule wa ukuta hakuna aliyenigombeza. Sikujua kama ningeweza kukosa kugombezwa kiasi kile. Nilimkumbuka mpaka nikawa naongea mwenyewe.

Mvua zilipokwisha nikafunga banda siku moja, nikapanda basi dogo la Kosta la Mikumi. Nilimkuta barazani kwa mwanawe, nyuma ya gereji, amekaa kwenye kiti kizuri chenye mto. Amepungua. Mkwe na wajukuu hawamwachii ashike hata kijiko. Chai anapewa kwenye kikombe cha plastiki chenye mfuniko, kama mtoto. Mikono ilikuwa mapajani, inapukuchua mahindi yake yasiyoonekana, kwa kasi kuliko nilivyowahi kuiona.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba, Kitovu. Leo umekumbuka." Akanivuta karibu, akatazama kulia na kushoto. "Ameshajifungua?"

"Bado, Mkunga. Yuko palepale ulipomwacha. Hakuna aliyemgusa."

"Vizuri. Wasimharakishe."

"Nani kajifungua?" Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yetu anafuta mikono kwa kitambaa cha grisi. "Mama, kuna mgonjwa Kilosa?"

Mkunga akanitazama kwa jicho kali. Lile jicho nalijua, limewanyamazisha watu wazima. Lakini nikatazama kile kikombe chenye mfuniko, nikasema potelea mbali, na kama kuna siri ya chumba cha uzazi nimeivunja, Mungu atanisamehe. Nikamweleza kaka yote. Malkia, tumbo, mwanga mwekundu, risasi moja iliyobaki, maneno aliyoyasema mama yake. Nikamweleza hata habari ya birika na Hamisi.

Alikaa kwenye ngazi. Lori likapita barabarani, likafuata jingine.

"Kwa hiyo mikono haikushindwa?"

"Haikushindwa, kaka. Wewe si ulikuwa unaitazama? Ilitetemeka lini, kabla ya kuweka padi au baada?"

Alifikiri. Ni fundi; anajua kusikiliza injini na kukumbuka ililia wapi. Aliinuka, akaingia gereji, akarudi na mfuko wa skrubu zilizochanganyika na sahani ya bati, akaviweka mapajani kwa mama yake. Mkunga akavaa miwani. Akaanza kuchambua, ndogo huku, kubwa kule, zilizoliwa nyuzi pembeni. Vidole vilitulia tuli. Mwanawe alivitazama mpaka skrubu zikaisha.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Mwanawe akaufunga ule mfuko wa skrubu. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu cha kawaida tu, ufunguo wa nyumba ya Kilosa uko wapi. Mkunga akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Ulikuwemo. Alikuwa ameufunga pale tangu alipohama.

"Ila chai," mwanawe akasema, "chai utapikiwa na jirani."

"Chai ya Kitovu? Bora uniache hapahapa ninywe na nyani wa hapo barabarani."

Lakini alikuwa tayari anainuka kutafuta viatu. Tuliondoka na Kosta ya mchana, yeye dirishani, mkoba wake wa kazi mapajani na mikono yote miwili imeushika. Tulipopita Ulaya nilimuuliza kitu kilichonisumbua miezi yote ile. Kumpiga hutaki, nikamwambia, na kupita huwezi mpaka umpige. Sasa tukifika utafanya nini na yule malkia?

Mkunga akageuza saa yake ya kifuani, akaitazama.

"Utawasha mashine, nitakaa naye," akasema. "Uzazi wa kwanza huchelewa."